Ekseli ya Nyuma

Leonidasi Ndayisenga hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kukitazama tu. Sokoni Kasulu alikuwa akizamisha mkono kwenye gunia la maharage mpaka kwapani, achote ya chini, ayanuse, ang'ate punje moja, ndipo aulize bei. Wauzaji walimchoka. Walimpachika jina la Mkaguzi, na walipomwona kwa mbali waliambiana, kwa sauti ya kumfikia, wafungue magunia kwani Serikali imeshafika. Yeye alicheka nao na kuendelea kunusa. Safari moja alimfumbua mbuzi mdomo, akahesabu meno na kutikisa kichwa, kumbe mwenye mbuzi alikuwa anampeleka malishoni tu, wala hakuwa na nia ya kumuuza.

Mtu huyohuyo, msumbufu wa namna hiyo, jambo kubwa kuliko yote maishani mwake alilipokea hivyo hivyo lilivyoletwa.

Alizaliwa ng'ambo, Burundi. Mwaka 1972, bado mtoto, alivuka mpaka na baba yake na kaka yake Pasikali, wakafikia Munanila, kijiji cha Kasulu, na hapo ndipo walipolima, walipobatizwa na walipomzika baba. Leonidasi alishika biashara ya mazao. Pasikali alikwenda Kasulu kujifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi wa kuaminika: mageti, majembe, matela ya trekta. Alimwoa Immakulata, wakazaa watoto wawili. Mwaka 1993 watu walipoanza kusema kwamba kwao kumetulia, Pasikali alivaa koti lake la kahawia, akavuka kwenda kutazama shamba la baba. Oktoba ilipofika kule kukawaka moto, na wakimbizi wakamiminika Munanila mchana na usiku. Katika hao alikuwamo kijana mmoja, Josué, aliyesema amemwona fundi mwenye koti la kahawia akianguka mtoni, na maji yakaondoka naye.

Leonidasi hakumuuliza ni mto gani. Hakumuuliza kama aliuona uso. Walingoja miezi, kisha wazee wakasema yatosha. Kwa desturi yao, mtu aliyefia mbali na mwili wake usionekane hukatiwa gogo la mgomba, likavikwa nguo zake, likazikwa kama yeye. Gogo lilivikwa shati la Pasikali, likalazwa shimoni, watu wakanawa mikono na majembe. Msiba ulipoondolewa, wazee wakasema tena: mjane asitoke kwenye ukoo, ndugu amchukue, na watoto atakaozaa naye watahesabiwa kuwa wa marehemu. Kanisani nako hawakuwa na neno, kwa kuwa mjane ni mjane. Wakafunga ndoa. Tuseme ukweli, Leonidasi hakuburutwa kwenda altareni. Alikuwa amempenda Immakulata siku nyingi kimyakimya, na alipompata alimtunza. Walizaa binti, wakamwita Ange, na nyumba ikatulia.

Mwaka 1997, kiangazi, Immakulata ndiye aliyesema wanunue tela. Mavuno ya maharage yalikuwa yake zaidi kuliko ya mumewe, na alichoka kuona magunia yakioza kwa kusubiri magari ya watu. Trekta la kukodi lilikuwapo, lakini tela hakuna. Walisikia kwamba Kibondo kuna mfanyabiashara anaitwa Khatibu, mtu wa Ujiji, anauza tela la ekseli mbili lililokuwa likibeba kuni na mahindi ya kambi za wakimbizi. Immakulata alimfungia mumewe chakula na kumwonya asinunue kitu ambacho hajalala chini yake. Onyo hilo lilimchekesha Leonidasi njia nzima.

Alifika uani kwa Khatibu asubuhi na mapema. Kulikuwa na baridi ya Kibondo ile ya mwezi wa saba, na ukungu mwembamba ulikuwa bado umekaa juu ya magari mabovu yaliyopangwa mpaka kwenye ua wa nyuma. Mengine hayakuwa na milango, mengine hayakuwa na uso kabisa. Tela lilisimama mwisho, peke yake, limepakwa rangi ya kijani mpya iliyong'aa kuliko inavyopasa. Khatibu alilisifu sana. Alisema lilitoka Dar es Salaam likiwa jipya miaka miwili tu iliyopita, na tangu hapo halijaguswa na fundi hata siku moja. Leonidasi aliomba jeki na gunia la kulalia.

Alianza na ekseli ya mbele. Aliinua gurudumu, akalizungusha kwa mkono na kutega sikio karibu na habu, kitovu cha gurudumu, kusikiliza kama beringi zinakwaruza. Hazikukwaruza. Alilishika juu na chini akalitikisa, halikucheza. Alivuta kamba kutoka gurudumu hadi gurudumu kuona kama ekseli imepinda, akaikuta imenyooka. Alipanguza grisi kwa kidole akaitazama kwenye mwanga, haina vumbi la chuma. Mpaka hapo aliridhika, na Khatibu akaagiza chai.

Ekseli ya nyuma, gurudumu la kushoto lilikuwa zima. La kulia alipolizungusha lilikwenda bila sauti yoyote. Lilizunguka muda mrefu kuliko alivyotegemea, likapunguza mwendo, likakaribia kusimama, kisha likarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ndipo likatulia. Alilizungusha tena. Likafanya vilevile, likasimama palepale. Alijua sababu: tairi lilikuwa na kiraka kizito upande mmoja, na uzito huenda chini. Alijiambia hivyo. Lakini hakutaka kulizungusha mara nyingine.

Aliingia chini kwa mgongo. Huko hakukuwa na mwanga wa maana. Alipeleka mkono wake polepole juu ya ekseli, upande wa juu ambao jicho halifiki, huku akipapasa rangi. Ilikuwa laini, laini, halafu ikakoma kuwa laini. Kulikuwa na kiraka cha chuma. Hakikukatwa mraba kama mafundi wengi wanavyokata. Kilikuwa na ncha mbili, kama jani la mbuni, ili ufa usipate pa kuanzia. Kidole kikafuata mchomeleo pembeni mwake. Magamba ya chuma yalilala upande usio wa watu wote, upande wa fundi anayetumia mkono wa kushoto. Na mwisho wa mstari mchomeleo ulirudi nyuma kidogo, ukaacha kinundu, kama fundo ambalo mama hupiga akimaliza kushona.

Kidole kilijua kabla yake. Utotoni alishikilia vyuma kwa Pasikali mchana kutwa, akigeuza uso kukwepa mwanga, na Pasikali akimwambia kwamba mchomeleo usiofungwa fundo hufumuka. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo. Kasulu nzima walimcheka kwa fundo lake.

Alitoa kisu akakwangua rangi. Tela lilikuwa la miaka miwili. Gogo la mgomba walikuwa wamelizika miaka mitatu iliyopita. Akabaki amelala hapo chini, uso wake shubiri moja kutoka kwenye chuma, akiogopa kutoka.

Hapo likamjia jambo la jembe. Mwaka uliopita, masika, jembe la Immakulata lenye shingo iliyopasuka lilipotea penye kinjia cha shambani. Wakasema wezi. Baada ya siku kadhaa wakalikuta limeegemezwa palepale, shingo imechomelewa vizuri. Immakulata alidhani ni Leonidasi aliyelipeleka Kasulu. Leonidasi alidhani ni Immakulata. Kila mmoja alipojua si mwenzake, walinyamaza, na Immakulata akaendelea kulimia. Yeye, Mkaguzi, aliyemfumbua mbuzi wa watu mdomo, hakuwahi kuligeuza jembe lile atazame mwisho wa mchomeleo. Sasa alijua kwa nini hakuligeuza.

Alitoka chini ya tela akamuuliza Khatibu nani aliichomelea ekseli. Khatibu aliapa kwa dini yake kwamba haijachomelewa. Leonidasi alimwonyesha vumbi la rangi kwenye kisu. Khatibu alikunywa chai yake, akaona hakuna pa kupitia, akaanza kushusha bei. Leonidasi alimkatiza akamwambia bei haimhusu, anataka mtu.

"Ni Mrundi mmoja, yuko kambini Mtendeli," Khatibu alisema. "Lakini kama unataka kumlaumu usitaje jina langu. Yule mtu mimi simwelewi."

Akaeleza. Ekseli ilivunjika karibu na kambi, tela likiwa limejazwa kuni kupita kiasi. Yule fundi alikuja amevaa kinyago cha kuchomelea usoni, akafanya kazi nacho, akala nacho amekiinua mpaka midomoni tu, akaondoka nacho. Alipomaliza aliuliza tela litakwenda wapi, akaambiwa Kasulu, kuchukua mahindi. Basi akakata mchomeleo wote aliokwisha kuufanya, mzuri tu, akaanza upya mwanzo mpaka mwisho, na hakutaka nyongeza. Khatibu alisema dereva aliogopa kumkaribia, na tangu hapo lile tela hakulipenda.

Leonidasi angeweza kurudi nyumbani saa ile. Hakuna mtu wa Munanila aliyekuwa na shughuli Mtendeli. Angemwambia mkewe tela ni bovu, wangetafuta jingine, na nyumba yake, mke wake na binti yake vingebaki mahali pake. Aliliwaza hilo akiwa amesimama barabarani, na halikumpendeza wala halikumchukiza. Lori la kwanza lililotokea lilikuwa linakwenda kaskazini, upande wa kambi. Akapanda.

Penye njia ya kuingia kambini alimkuta mama mmoja anakaanga maandazi, Uwimana kwa jina, akamuuliza habari za fundi wa kuchomelea anayetumia mkono wa kushoto. Akamtaja: Pasikali.

"Pasikali hatumjui," Uwimana alisema. "Unamtafuta Nyakwigendera."

Nyakwigendera, kwa Kirundi, lugha ya nyumbani kwao, ndivyo watu wanavyomtaja marehemu. Mama alieleza bila kicheko kwamba hilo ndilo jina alilowaambia wamwite. Alifika hapo akichechemea, akasema amekwisha kuzikwa kwao na watu wamekwisha kunawa mikono, kwa hiyo jina lake la mwanzo lina mwenyewe kaburini. Watu walidhani ni wazimu, lakini hana wazimu. Hana ubaya na mtu. Ila ukimwita jina jingine haitiki.

Kibanda kilikuwa cha nguzo na turubai, na kabla hajakifikia aliuona ule mwanga wa buluu ukigonga miti mchana kweupe, ukizima na kuwaka. Ndani mtu alichuchumaa, mguu mmoja ameunyoosha, mkono wa kushoto umeshika kazi. Leonidasi alisimama. Mwishowe alisema amahoro, salamu ya kwao, kama mtu yeyote apitaye.

Mwanga ulizimika. Kinyago kikageuka. Kilikuwa na kioo cheusi mahali pa macho, na Leonidasi alijiona humo, mdogo, amesimama mlangoni na mwanga wa nje nyuma yake.

"Mabega yako yana vumbi la rangi," sauti ilisema. "Umelala chini ya tela."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa imechakaa, lakini ni yake.

"Nimelala," Leonidasi alijibu.

"Linunue. Ekseli ile itabeba."

Hakukiinua kinyago. Leonidasi alimngoja akiinue, na alipoona hakiinuliwi alianza kusema, maneno yakimtoka ovyo. Alimweleza habari za Josué, na koti, na mto, na jinsi walivyongoja. Kinyago kilitikisika taratibu kukubali. Pasikali alisema koti lile alimpa mtu aliyekuwa akitetemeka, na labda mtu huyo ndiye aliyechukuliwa na mto. Yeye alivunjwa mguu, akafichwa na watu milimani kwa muda mrefu, na alipoweza kutembea alivukia upande wa Kibondo. Kutoka hapo alikwenda Munanila. Ilikuwa masika. Alisimama kwenye mibuni akatazama. Aliona kaburi lenye jina lake, limepaliliwa vizuri. Alimwona Leonidasi juu ya paa anabadili nyasi. Alimwona Immakulata akitoka ndani na mtoto mgongoni, mtoto ambaye yeye hakumwacha. Penye kinjia alikuta jembe.

"Kwa nini hukuingia?" Leonidasi aliuliza, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Ningeingia kama nani?"

Nje mtu alipita na ndoo, akapiga hatua za haraka bila kutazama ndani. Pasikali aliokota kijiti kipya cha kuchomelea, akakigeuzageuza vidoleni.

"Yule wangu wa tatu anaitwa nani?"

Leonidasi alielewa, na swali lilimchoma. Mtoto alikuwa damu yake. Kwa maneno ya wazee, yaliyosemwa mbele ya watu wote, alikuwa wa kaka yake. Maneno hayo walikuwa wameyasema wakimdhania mtu asiyeweza kuja kuuliza.

"Ange," alisema.

"Anashikia kijiko mkono gani?"

Immakulata alikuwa akimrudi mtoto kila siku kwa hilo, na yeye hakuwahi kulitilia maanani.

"Wa kushoto."

Leonidasi hakuweza kuuona uso wake, na hadi leo hajui kama alicheka ama alilia nyuma ya kile kioo. Basi akapiga moyo konde akamwambia twende nyumbani, mkubwa wangu. Alilisema kwa dhati, ingawa alihofu kujibiwa ndiyo.

"Mimi marehemu siamui," Pasikali alisema. "Na wewe mrithi huamui. Aliyefiwa ni yeye. Mwambie."

Akainamia chuma chake. Mwanga ukawaka tena, na Leonidasi akalazimika kugeuza uso, kama zamani.

Tela hakulinunua. Alirudi Kasulu juu ya magunia ya watu, na njia nzima alikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni: ekseli ya nyuma imepasuka, imepakwa rangi kuficha. Hata usingekuwa uongo mtupu. Immakulata angeamini, kwa sababu alimwamini kwa vyuma na kwa nafaka. Na kule Mtendeli kuna mtu aliyekwisha kukubali kuwa amekufa, anayejibu kwa jina hilo, asiyemdai mtu kitu. Leonidasi alimwonea huruma, akajionea huruma mwenyewe, na alipoviona vilima vya Munanila bado alikuwa hajachagua.

Alimkuta Immakulata uani alasiri, anapepeta maharage kwa ungo. Ange alikaa karibu naye anachezea makapi kwa mkono wake wa kushoto. Immakulata alimtazama mumewe mgongoni, akaona vumbi, akaridhika kwamba amelala chini kama alivyomwagiza. Akamuuliza ekseli zikoje.

Leonidasi alikaa chini. Uongo ulikuwepo, aliuhisi kabisa ulimini. Alimtazama mtoto.

"Ya nyuma ilivunjika, ikachomelewa," alisema. "Aliyeichomelea ni Pasikali. Nimekwenda Mtendeli nimemwona. Ni mzima, ila mguu."

Ungo ulisimama. Leonidasi alijiandaa kwa maswali. Una hakika. Umeuona uso. Kwa nini hakuja. Je, mimi na wewe sasa ni nini. Kwa kila moja alikuwa ametafuta jibu juu ya yale magunia, na hilo la mwisho alilitafuta sana. Immakulata hakuuliza hata moja. Hakulia wala hakushtuka, na Leonidasi alimwona akiangalia upande wa shambani, penye kinjia, kama anayehesabu muda jembe lilipokuwa halipo.

"Nani anampikia?" aliuliza.

Leonidasi alikumbuka kibanda kizima, turubai, mitungi, vyuma, akasema hakuona jiko.

Immakulata aliyamimina maharage kwenye gunia, akalifunga. Alisema ataondoka alfajiri na lori la kwanza, na Leonidasi abaki na watoto. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwachia jirani nyumba. Kisha akaingia ndani kutafuta sufuria ya kuchukua, na Leonidasi, aliyezoea kuuliza kila kitu, hakumuuliza atarudi lini.